Nakala ya Jumamosi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne hasira zangu zote nilizimwagia mashine moja iliyokaa chumba cha nyuma cha ofisi yetu pale Kacyiru, mjini Kigali. Lilikuwa sanduku la kijivu, limepandishwa juu ya matofali mawili lisipatwe na maji ya deki. Tuliliita seva. Mvua ikipiga, umeme ukianza kucheza, seva inazimwa, na mimi nabaki dirishani nikitazamana na watu ambao sina la kuwaambia. Nimeilaumu mashine ile miaka mingi. Haikuwa na kosa lolote, na leo nataka niseme kosa lilikuwa la nani.

Kigali nilifika mwezi wa nane, kutoka Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia kabla sijazaliwa. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni, cha kuitwa kula na kugombezwa. Nilichokuwa nacho ni Kiswahili, pamoja na ujuzi wa kompyuta niliouokota kwenye ofisi ya ushirika wa kahawa. Nikapanga chumba mtaa wa Gitega pamoja na binamu yangu, nikapata kazi kwenye ofisi ndogo iliyowatafutia ndugu zao watoto waliopotezana na watu wao wakati wa mauaji na mbio za mwaka ule. Nikawekwa dirishani. Watu walisimama nje, chini ya kibaraza cha mabati, mmoja mmoja akanitajia mtoto wake: jina, umri, alama ya mwilini. Mimi nilitafuta ndani ya mashine, kisha nikajibu. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana.

Tulikuwa na meza tatu. Mapokezi walipokea kadi za watoto kutoka vituo walikohifadhiwa na kuziingiza kwenye kompyuta. Meza ya pili ilikuwa dirisha langu. Ya tatu ilipanga magari ya kuwapeleka wazazi vituoni. Kila meza ilikuwa na kompyuta yake, na kutoka kwenye kila kompyuta waya ulipita chini ya mlango kwenda kwa seva. Kwenye yangu kulikuwa na saraka, yaani kama droo ya mafaili ndani ya mashine, iliyoandikwa WATOTO.

Fundi wetu alikuwa bwana mrefu aliyekulia Kampala, Kiswahili chake kibovu, moyo wake mzuri. Siku yangu ya kwanza alivuta kiti akakaa kando yangu.

"Sista, hii saraka unayoiona, ndani yake hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi, na mimi naona kadi zimejaa tele?"

"Hizo ziko kwa seva. Hapa kwako kuna kiungo tu. Ukifungua hapa, mashine inakupeleka kule bila wewe kujua. Wa mapokezi akibadilisha neno moja, unaliona saa ile ile. Wa safari naye analiona. Kadi ni moja, milango mitatu."

Nikamuuliza kwa nini wajisumbue hivyo, si bora kila mtu apewe kadi zake amalizane nazo. Hapo akaacha kutabasamu. Akaniambia kabla sijafika kila meza ilikuwa na nakala yake. Ikatokea mtoto kahamishwa kituo, mapokezi wakarekebisha ya kwao, meza ya safari ikabaki na ile ya zamani. Shangazi wa mtoto akapakiwa kwenye gari akapelekwa asikokuwako mtoto. Alirudi analia. Bahati nzuri mtoto alipatikana wiki iliyofuata. Ndipo fundi alipong'oa nakala zote, akaacha moja kwa seva na kuweka viungo kwenye meza.

"Kopi inazeeka, sista. Kiungo hakizeeki."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana mtu asiyeelewa ana pa kujificha.

Taabu ilikuwa umeme. Ulikuwa unakatika, unarudi kwa nguvu, unafifia, tena unakatika. Taa ikipepesa mara moja tu, fundi anakimbilia chumba cha nyuma anazima seva, kwa sababu diski yake ikiungua hatukuwa na nyingine. Kompyuta yangu haikuwa na mtetezi, hivyo iliachwa ihangaike na umeme wake. Basi nafungua WATOTO, natafuta, mashine inaniambia njia haionekani. Na nje pale yupo baba aliyetembea tangu alfajiri. Namwambia, "Seva imezimwa, mzee, uje kesho." Seva anaijulia wapi? Anachosikia yeye ni kwamba amefukuzwa.

Kwetu mtu hafiki mlangoni akageuzwa hivi hivi. Hata kama ndani hakuna kitu, atapewa maji, atapewa kiti, ataulizwa za huko atokako. Mama yangu angeniona nikiwarudisha watu mikono mitupu namna ile, angenivuta sikio na ukubwa wangu wote. Nikavumilia wiki mbili, ya tatu nikashindwa. Jumamosi mchana, dirisha limefungwa na wenzangu wametoka, nilichukua kadi zote zilizokuwa kwa seva nikazinakili kwenye diski ya kompyuta yangu. Saraka ile nikaiita BARUA, ili fundi hata akipita nyuma yangu asishtuke. Nikajiapia kwamba kila Jumamosi nitaifuta ya zamani na kuweka mpya.

Ikafanya kazi, jamani. Seva ikizimwa mimi nafungua BARUA naendelea kama kawaida. Watu wakaanza kusema dirisha la yule dada wa Tanzania halilali. Wakanipa baraka, wakanishika mikono kupitia nondo za dirisha. Nikavimba kichwa. Siwezi kudanganya, nilikuwa nakwenda nyumbani Gitega nikijiona mtu wa maana kuliko fundi na viungo vyake.

Sasa nimtaje mama fundi cherehani. Alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Biryogo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, daima ana sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Mumewe aliuawa mwezi wa nne. Siku walipokimbia, yeye na binti yao wa miaka sita, waliingia kwenye wimbi la watu barabarani, na mkono wa mtoto ukamponyoka. Hakuwa na mtoto mwingine. Alikuwa anatembea kutoka Biryogo, anashuka bondeni, anapanda mlima wa Kacyiru, anasimama kwenye mstari, anauliza, anarudi kwenye cherehani yake. Karibu kila siku, miezi miwili.

Mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akacheka.

"Marahaba! Wewe iko mtu wa Tanzania. Hapa hakuna mtoto anatupa shikamoo."

"Na mama je, kwenu Kiswahili hakina kingine ila 'iko'?"

"Nyamaza wewe. Kiswahili chako kimevaa tai, kinaenda ofisini. Changu kinafanya kazi."

Tukawa hivyo, yeye na mimi. Ananichokoza, namchokoza, kisha anautoa mkono wake wa kushoto, anaonyesha juu kidogo ya kifundo. "Iko na alama hapa. Pasi ya mkaa. Alitaka kupiga pasi kama mimi, nikachelewa kugeuka." Nilikuwa nimeshaikariri. Lakini nilimwacha aseme kila mara, kwa sababu aliposema uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona mtoto.

Wiki moja ya mvua aliugua homa, hakuonekana siku nne. Alirudi Jumanne. Mvua ilikuwa imeanza saa mbili asubuhi, taa ikapepesa, fundi akazima seva. Mwenzetu wa mapokezi alikuwa amekwenda kituoni kuchukua kadi mpya. Mama fundi alifika dirishani amelowa mpaka kwenye mifupa, anatetemeka bado. Ningemwambiaje huyo arudi kesho? Nikafungua BARUA, ile nakala ya Jumamosi. Nikaandika neno "pasi".

Kadi ikatokea. Msichana, kama miaka sita, hajui jina la ukoo. Kovu la pasi mkono wa kushoto. Anasema mama yake anashona nguo za watu. Kituo cha watoto, Bugesera.

Nilipiga kelele mpaka wa meza ya safari akaangusha kalamu. Nikamsomea mama neno kwa neno. Akazishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akawa anasema, "Hayawi hayawi, yamekuwa! Wallahi yamekuwa!" Watu waliokuwa kwenye mstari wakapiga vigelegele, watu wenye misiba yao wenyewe, wanamshangilia. Na mimi nalia kama mtoto.

Ilikuwapo gari ya kwenda Bugesera, kusini mwa mji, siku hiyo, ikipakia watu pale njia panda ya Sonatubes, imebaki saa moja iondoke. Nafasi ilikuwa moja. Aliyekosa angesubiri Jumanne nyingine. Utaratibu wetu ulitaka wa safari aione kadi mwenyewe kwanza, kwenye mashine yake.

"Seva imezimwa, siwezi kuiona," akasema. "Wewe umeionaje?"

"Nimeiona kwa macho yangu. Unataka nikuapie?"

"Una uhakika iko vile vile?"

Nikamfokea. Nilimwambia mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwamba yeye anataka karatasi wakati mama wa watu anasimama kwenye mvua. Akaandika kibali. Nikavua koti langu la mvua nikampa mama, nikampandisha pikipiki na nauli nikamlipia. Haraka haraka haina baraka, tumefundishwa tangu tunanyonya. Siku ile methali ningeionyesha ngumi.

Jumatano seva ilikuwa imewashwa. Sikuangalia. Niangalie nini tena? Nilikuwa nimeshafurahi. Nilikaa dirishani nikihesabu saa, nikijiambia sasa wameshaonana, sasa anamlisha, sasa anamwuliza nani alikusuka nywele hizi.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuandika orodha ya watoto waliopatikana. Asubuhi nikafungua WATOTO, kile kiungo, niende kwenye kadi ya msichana niandike kwa mkono wangu kwamba amekutanishwa na mama yake. Kadi ikafunguka. Chini ya yale maneno niliyoyajua kulikuwa na mstari mmoja zaidi, ulioingizwa na mapokezi Jumatatu mchana: anaharisha sana, amehamishiwa hospitali, Kigali, wodi ya watoto.

Niliusoma mara tatu. Kisha nikaenda kufungua BARUA, kama vile ningeikuta imebadilika kwa kunihurumia. Ilikuwa bado inasema Bugesera.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa pili wa bonde. Mama fundi alikuwa anapita mbele ya geti lake kila alipokuja kwetu. Jumanne ile, na homa yake na mvua ile, alipita pale akija kuniuliza mimi mtoto wake yuko wapi, na mtoto alikuwa ndani.

Nilikimbia. Bonde lile sijui nilivukaje. Muuguzi wa wodi alikuwa mama mtu mzima, alinikalisha kwanza kwenye benchi, nikajua. Mtoto alikuwa amefariki jana yake, Jumatano jioni, jua linazama. Walijitahidi, alifika amekauka maji. Akaniambia Jumatano asubuhi alikuwa na nafuu kidogo, alikunywa uji, akawaambia wawashonee wanasesere wake nguo kwani mama yake akija atawalipa. Wanasesere hakuwa nao. Muuguzi alimkubalia tu.

Nikarudi dirishani, maana nilijua atakuja hapo. Kituoni Bugesera wangemwambia ameletwa Kigali. Gari ilikuwa imeendelea mbele, kwa hiyo angetembea. Ndivyo ilivyokuwa. Aliondoka huko Jumatano alfajiri kwa miguu, akalala kwa wasamaria njiani, akatokea Alhamisi saa saba mchana na koti langu limekunjwa vizuri kwapani. Watu wa mstarini walimpisha.

"Dada, wanasema iko hospitali hapa hapa. Hospitali gani?"

Sikumjibu kupitia nondo. Nilitoka nje, nikamshika, nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza kama amefunikwa. Nikasema ndiyo, mama, amefunikwa. Tukashuka pamoja bondeni, anatembea mbele yangu na miguu imevimba, na mimi nyuma siwezi hata kumshika mkono. Wanawake wa Biryogo wakaja, wakamwosha mtoto, wakamvika sanda, akazikwa siku ile ile.

Jioni nilimweleza fundi kila kitu. Alikwenda kwenye kompyuta yangu, akaifungua BARUA, akaifuta. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, hata kofi ningelipokea.

"Mama asijue," akasema. "Mwambie kadi ilichelewa. Kujua kutamsaidia nini?"

Na mimi nikakubali, tena upesi. Wiki nzima, mbali na mimi na fundi, kila mtu aliamini kadi ilichelewa. Nilikaa dirishani nikiwaambia watu seva imezimwa waje kesho, wakinuna nikawa naona ni haki yangu. Usiku sikulala, chakula hakikupita. Binamu yangu alidhani ni malaria.

Baada ya dua ya mtoto mama fundi alipanda Kacyiru. Hakusimama kwenye mstari, alisubiri mpaka umekwisha. Aliniletea sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa, akaipitisha chini ya nondo.

"Nimekuja kusema asante," akasema. "Bila wewe wangemzika kama mtoto asiyekuwa na mtu. Wewe ulinipatia. Mungu akulipe."

Kile kitu kilinipasua. Ningeweza kuvumilia matusi, lakini asante ya mama yule sikuiweza. Nikaisukuma sahani pembeni, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu seva na umeme, kuhusu WATOTO ambayo ndani yake hakuna kitu ila njia ya kwenda kwenye kadi ya kweli, na kuhusu BARUA niliyoitengeneza mwenyewe kwa sababu sikupenda kuwarudisha watu bure. Nilimweleza kama alivyonieleza fundi siku ya kwanza, kadi ni moja, milango mitatu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayepokea vipimo vya nguo.

"Ile ya kweli iko wapi?"

"Nyuma ya ukuta huu, mama."

"Nisomee."

Seva ilikuwa inawaka. Nikafungua kiungo, nikamsomea kadi yote mpaka mwisho. Mapokezi walikuwa wameongeza mstari wa kifo.

"Hii ya hospitali waliandika lini?"

"Jumatatu."

"Mimi nilikuja Jumanne."

"Ndiyo, mama. Seva ilikuwa imezimwa."

"Wakaiwasha lini?"

"Jumatano asubuhi."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane kwa Kiswahili chake na kwa Kinyarwanda, hata nisichokielewa. Aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Si ungeniambia tu nirudi kesho, mwanangu," akasema. "Kesho yake alikuwa hai."